Honi Iliyonyamazishwa

"Usifungue capot kwanza," Vahwere alisema. "Moteur inajua kudanganya. Anza na mulango."

Mathieu aliondoa mikono yake juu ya boneti upesi, kama mtu aliyegusa sufuria iliyotoka jikoni. Alikuwa ameshaanza kuipapasa.

Gari lilisimama katikati ya parseli, ua wa nyumba ya Muzee Zacharie, mtaani Rwambuzi, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji. Lilikuwa gari la sport la Kijapani, milango miwili, fupi kwa kimo na refu kwa pua, jekundu kama pilipili. Lilipoingia Bunia kwa mara ya kwanza, Mathieu alikuwa bado anahesabu vidole vyake shuleni kule Butembo. Sasa alikuwa na duka la dawa karibu na soko, alikuwa na mchumba, na alikuwa na hofu.

Hofu yenyewe ilikuwa na jina: Muzee Jérôme wa Mahagi, baba yake Annette. Mara ya kwanza Mathieu alipokwenda kujitambulisha ukweni, pikipiki ilimfia njiani. Alifika chakula kimepoa, suti imegeuka rangi ya barabara, na shangazi zake Annette wakampa jina pale pale: Bwana Panne, yaani Bwana Kuharibikiwa. Muzee Jérôme hakucheka. Alisema tu kwamba siku ya mahari ni Jumamosi hii, saa sita ya mchana, na mkwe akichelewa tena atarudi na mbuzi wake Bunia wakangoje mavuno yapite. Kwa haya ya kuchekwa, Mathieu alijibu kwamba atakuja na gari lake mwenyewe. Gari gani? Ya sport, alisema. Neno lilikuwa limeshatoka, gari halijapatikana.

Ndipo alipomtafuta Bernadette Vahwere. Mama huyu alikuwa inspekta wa polisi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Bunia na kufungua ofisi yake ndogo ya upelelezi, nao watu waliendelea kumwita Mama Inspecteur. Kazi yake ya kila juma ilikuwa mipaka ya viwanja, mizigo iliyopotea, na mabwana-arusi wenye wake wengine upande wa Beni. Alipoambiwa kazi ni kuchunguza gari, hakushangaa.

"Gari na bwana-arusi ni kesi moja," alimwambia Mathieu. "Vyote vinakuya vimeogeshwa. Siye tunauliza vilikuwa vinalala wapi."

Sasa alivaa miwani iliyoning'inia kifuani, akatoa mkobani tochi na sindano ndefu ya kufumia yenye ndoano, akamgeukia mwenye gari. Muzee Zacharie alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Alitabasamu kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Papa Zacharie, hii gari ilikuwa ya nani mbele yako?"

"Hakuna. Ilifika hapa, mi njo nikaipokea."

"Nani alikuwa anaiendesha?"

"Mi peke yangu. Chauffeur mumoja, mukono mumoja."

"Siku gani?"

"Samedi tu. Dimanche niko kanisani, siku zingine natembea na miguu."

"Ilifika Komanda? Mambasa? Mahagi?"

"Mama, hii gari haiyatoka Bunia hata siku moja. Naapa."

"Na mbio?"

Muzee akacheka hadi mabega yakatikisika. "Mbio! Hata kuku walikuwa wanatupita."

Vahwere aliinua macho. "Walikuwa wanawapita weye na nani?"

Kicheko kilikatika. Muzee alikohoa, akakung'uta kofia ambayo haikuwa na vumbi. "Ni namna ya kusema tu."

Vahwere hakuandama. Mtu anayejibu haraka humpa mpelelezi kazi kidogo. Anayekohoa humpa kazi nzuri. Aliinama kwenye mlango wa dereva, akaingiza sindano chini ya mpira unaozuia maji, akauinua kidogo. Chini ya mpira rangi haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeupe, nyeupe ya maziwa.

Mathieu alishika kichwa. "Ya wizi! Niliyua! Wameiiba Kampala wakaipaka!"

"Punguza sauti, mwenye gari iko hapa."

Muzee Zacharie hakukasirika. Aliingia nyumbani, akatoka na carte rose, karatasi ya usajili wa gari. Vahwere alilinganisha namba yake na ile iliyopigwa kwenye chuma karibu na injini. Zilikuwa sawa, na chuma hakikuwa na alama ya tupa wala ya kuchomelewa. Na mahali pa rangi, karatasi ilisema wazi: nyeupe.

"Niliipaka mwezi jana," Muzee alisema. "Batu banapenda nyekundu. Ni kosa?"

"Si kosa," Vahwere alikubali. "Hapana mwizi hapa, Mathieu. Pumua."

Mathieu alipumua, akaingia kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, na uso wake ukawa wa mtoto mbele ya keki. Akabonyeza honi. Kimya. Akabonyeza tena kwa kiganja kizima. Kimya kile kile.

"Honi ni kitu kidogo," Muzee Zacharie alisema, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika. "Utaweka ingine."

* * *

Karakana ya Rachidi ilikuwa na shimo refu la kusimamia chini ya magari, paa la mabati, na redio isiyozimwa. Rachidi mwenyewe alikuwa mtu wa Mambasa, mgeni bado mjini, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Muzee Zacharie alikuwa amekubali gari litoke kwa siku moja, mradi Mama Inspecteur ajibu kwa kila mkwaruzo.

Rachidi alitupa jicho moja tu kwenye saa ya kilomita, akapiga mluzi.

"Imerudishwa."

"Unajuaye?" Vahwere aliuliza.

"Mama, moto yangu, ile pikipiki, ilinunuliwa juzi na imeisha pita hii kilomita. Gari ya myaka yote hii? Walirudisha compteur. Ile gari imetembea Kisangani kwenda na kurudi mpaka imechoka, sasa wanasema ni bikira."

Mathieu aliketi juu ya tairi. "Nilisema mimi."

"Weye ulisema ni ya wizi," Vahwere alimkumbusha. "Rachidi, toa magurudumu ya mbele."

Rachidi aliyatoa huku akinung'unika. Vahwere alimulika tochi kwenye diski za breki, akapitisha kidole ukingoni, akitafuta ule ukuta mdogo ambao diski hufanya ikishaliwa miaka na miaka. Haukuwapo. Akaomba kuona pedi zenyewe, zilikuwa nene. Akamwita Rachidi aangalie skrubu zinazoshika dashibodi: hakuna hata moja iliyokuwa na kovu la bisibisi.

"Gari iliyokimbia sana inakula breki," alisema. "Hii haikukula kitu. Na huyu mwenye kurudisha compteur aliingilia wapi? Kwa maombi?"

Rachidi alijikuna. Alikuwa mtu wa kelele, si mtu wa ubishi wa bure. "Basi kilomita ni ya kweli."

"Ya kweli kabisa."

"Basi ninunue!" Mathieu aliruka.

"Keti."

Vahwere alikuwa amepiga magoti kando ya mlango, kichwa karibu na miguu ya kiti cha dereva. Kanyagio la mafuta lilikuwa na mpira wake wote, mistari yake yote, kama limetoka dukani. Lakini kanyagio la embrayage, yaani klachi, lile la kushoto ambalo dereva hukanyaga kila anapobadilisha vitesse, yaani gia, lilikuwa limeliwa mpaka chuma kikang'aa. Aliinuka polepole, akazunguka upande wa pili, akainamisha kiti cha mbele, akamulika kile kiti cha nyuma chembamba ambacho magari ya aina hii huwekewa kwa adabu tu, maana hakuna mtu mzima anayekaa pale kwa hiari yake. Kitambaa kilikuwa kimechakaa kuliko cha kiti cha dereva. Kilikuwa kimekaliwa, kimekaliwa tena, mpaka kikalainika.

"Taxi!" Rachidi alisema.

"Taxi ya milango miwili? Ya samedi tu? Isiyo na kilomita?"

"Basi sijue."

Vahwere aliingiza sindano kwenye ufa kati ya mgongo wa kiti na makalio yake. Akavuta. Zilitoka chembe za kung'aa, za rangi ya fedha, nyingi. Ikatoka pini yenye kichwa cha lulu ya plastiki. Zikatoka karatasi za pipi, za bonbon, zilizokunjwa.

Rachidi alipiga makofi. "Muimbaji! Muzee Zacharie alikuwa musanii! Anavaa shati la kung'aa, anakaa nyuma, bonbon mukononi."

"Na nani alikuwa anaendesha, kama yeye iko nyuma?" Mathieu aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile Vahwere alimtazama kwa heshima kidogo.

"Njo swali," alisema. "Tia magurudumu. Twende mulimani."

* * *

Mlima walioutafuta ulikuwa nje kidogo ya mji, mahali barabara ya Mahagi inapoanza kupanda kuelekea Djugu. Rachidi aliendesha, Mathieu mbele, Vahwere akajikunja nyuma, magoti karibu na kidevu, mkoba juu ya magoti. Tambarare ilikwenda vizuri. Injini iliimba. Mathieu alianza kuimba nayo.

Mteremko wa kwanza ulipogeuka mpando, injini ilipandisha sauti lakini gari halikuongeza mwendo. Rachidi alikanyaga zaidi. Sauti ikapanda zaidi, gari likabaki vile vile, na trekta lililobeba mbao likawapita, dereva wake akiwapungia mkono kwa ukarimu. Kisha harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya kandambili iliyoangukia makaa.

"Embrayage," Rachidi alisema, akaegesha kando. "Disque imekwisha. Inateleza."

Mvuke mwembamba ulitoka puani mwa gari. Waliteremka. Mathieu alitazama mlima, akatazama gari, akatazama mlima tena, na mbele ya macho yake akaona shangazi wote wa Annette wamesimama juu kileleni.

"Bwana Panne," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekwisha, mama. Turudishe hii kitu. Nitaomba teksi ya Mahagi, nitafika na mbuzi mapajani."

"Unanilipa kwa kufahamu ao kwa kulia?"

"Lakini si umeona? Imekufa!"

"Haiyakufa. Imechomwa. Ni tofauti. Rachidi, vitesse ziko namna gani?"

Rachidi alirudi ndani, akasukuma mkono wa gia huku na huku, uso ukibadilika. "Ya kwanza imelegea kama kamba ya nguo. Ya nne na ya tano... mama, hizi ni ngumu. Ni za carton, kama bado ziko ndani ya sanduku la duka. Hakuna mutu aliyezigusa."

Vahwere alinunua mahindi ya kuchoma kwa mama aliyekaa kando ya barabara, akawapa wanaume wote wawili ili midomo yao ipate kazi, akaanza kutembea akizunguka gari. Hii ndiyo sehemu ya kazi aliyoipenda. Alikuwa na ugonjwa mkononi. Alichokosa ni maisha ya mgonjwa. Gari ambalo halikukimbia lakini embrayage imeungua. Gari lililotembea maisha yake yote katika gia ya kwanza, mguu nusu kwenye kanyagio, injini ikichemka kwa kukosa upepo, watu wamebanana nyuma, siku ya Jumamosi. Na kuku wanawapita.

Akasimama.

"Mathieu, ungekuwa unauzisha hii gari, ungetengeneza nini?"

"Vyote."

"Muzee alitengeneza nini? Rangi mupya. Matairi mapya. Ventilateur ya kupoza maji, mupya, niliiona. Alifua hata viti. Sasa honi. Honi ni bei ya bia mbili. Hapa Bunia, na moto zote hizi, mutu haendeshe bila honi hata mpaka kwa jirani. Aliiacha juu ya nini?"

"Alisahau?"

"Aliyekumbuka kufua viti?"

Aliingiza kichwa chini ya usukani, akafungua kisanduku cha fusible, fyuzi za umeme. Zote zilikuwa zimepangwa mahali pake, isipokuwa tundu moja lililokuwa tupu. Alimulika tundu lile. Halikuwa na masizi, halikuwa na alama ya kuungua. Lilikuwa safi.

Alitoka akitabasamu, punje ya hindi kwenye jino.

"Honi haigonjwe," alisema. "Walifunga mudomo wake. Gari ikipoa, turudi Rwambuzi, polepole. Mi nataka kusikia hii gari inasema nini."

* * *

Waliteremka mpaka Rwambuzi, wakasimama mwanzoni mwa barabara ya Muzee Zacharie, pale Mama Régine alipokaanga beignets, maandazi ya mviringo, mbele ya mlango wake. Ilikuwa Jumanne, saa za mchana, mtaa umepoa. Nguo juani, mbuzi katikati ya njia. Vahwere alichomoa fusible ya kiberiti cha sigara, ambayo ilikuwa sawa na ile iliyokosekana, akaitia kwenye tundu tupu, akarudi kujikunja kiti cha nyuma.

"Piga."

Mathieu alinyoosha mkono mpaka kwenye usukani mbele ya Rachidi, akabonyeza.

Haikuwa honi ya kawaida. Zilikuwa tarumbeta, kadhaa, zikijibizana, zikipanda ngazi na kuteremka: *pa-pa-piii, pa-pa-piii, paa!* Mbuzi aliruka mtaroni. Na kabla sauti haijafa, Mama Régine alikuwa amesimama na kijiko kikubwa mkononi, kichwa nyuma, akipiga kigelegele kirefu kilichokwenda mpaka mwisho wa barabara. Kigelegele kingine kikaitika nyuma ya ukuta. Kingine dirishani. Milango ikafunguka. Mama mmoja alitoka na povu la sabuni mpaka viwikoni, akipiga vigelegele. Bibi mwenye fimbo alitoka akicheza, fimbo juu. Watoto walikuja mbio kutoka pande zote, mikono mbele, wakiimba kwa pamoja: "Bonbon! Bonbon! Bonbon!"

Walilizunguka gari. Mama Régine alichungulia kiti cha nyuma, akamkuta Vahwere amejikunja na sindano yake.

"Bibi-arusi iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna bibi-arusi, mama. Ni mimi tu."

"Weye?" Mama Régine alimtazama vizuri, kwa huruma. "Bon. Kuoleka hakuna umri, mama. Félicitations, hongera."

Rachidi alianguka juu ya usukani kwa kucheka, honi ikalia tena, na vigelegele vikaanza upya.

"Ngojeni!" Mama Régine alisema ghafla, akishusha kijiko. "Leo ni mardi. Nani anaoa mardi?" Akasogea, akagusa boneti jekundu kwa ncha ya kidole. "Hii sauti... Hii ni Malaika! Bamama, ni Malaika! Nani alikupaka piment, rangi ya pilipili, mutoto yangu? Nilioleka ndani yako! Dada yangu alioleka ndani yako!"

"Na mimi!" alisema mwenye povu.

"Na batoto yangu bote!" alisema bibi wa fimbo.

Vahwere alijikunjua kutoka nyuma ya gari, akajinyoosha mgongo, akamtazama Mathieu ambaye alikuwa ameganda mikono yote miwili kwenye kiti.

"Haya," alisema. "Sasa tunajua Malaika alikuwa analala wapi."

Geti la Muzee Zacharie lilikuwa limefunguka. Alitoka kofia mkononi, na nyuma yake mkewe, Mama Dorcas, tepu ya kupimia nguo shingoni. Muzee hakungoja kuulizwa.

"Sikudanganya hata neno moja," alisema.

"Hata moja," Vahwere alikubali. "Chauffeur mumoja. Samedi tu. Haikutoka Bunia. Kuku walikuwa wanawapita, weye na bibi-arusi na bwana-arusi nyuma, na cortège yote ya magari nyuma yenu, gia ya kwanza kutoka kanisani mpaka kwenye fête ya arusi. Myaka ngapi?"

"Myaka yote," Mama Dorcas alijibu kwa niaba yake. "Mi nilikuwa nashona kanzu, yeye anaendesha. Hakuna bibi-arusi wa kwetu aliyekanyaga tope."

"Na sasa?"

"Sasa wanataka jeep nyeusi, vioo vyeusi," Muzee alisema, na kofia ikazunguka mikononi mwake. "Malaika inakaa tu. Nilisema niuzishe. Lakini nani atanunua? Bwana wa kwanza alipofika, mukewe alikataa kuikalia, anasema mabibi-arusi bote ba Bunia bamekaa pale. Wa pili alinunua. Alipigia mbuzi honi hapa barabarani, bamama bakatoka na vigelegele. Mukewe akamuuliza: 'Unamuoa nani?' Alinirudishia gari siku ile ile."

Mama Régine alicheka mpaka akakaa chini.

"Njo nikaipaka," Muzee alimaliza. "Nikatoa fusible. Honi yenyewe sikuweza kuitoa. Ni kama kumukata mutu ulimi."

Mathieu aliachia kiti, akateremka garini. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu barabara, si pesa. "Muzee, mi siogope mabibi-arusi. Mi naogopa mulima. Samedi saa sita nikiwa bado Djugu, bokilo, baba ya Annette, atanifukuza. Embrayage imekwisha. Mbona hukuniambia?"

Hapo Muzee Zacharie aliinamisha kichwa kweli. "Ningekuambia embrayage, ungeuliza juu ya nini. Ningesema juu ya nini, ungekimbia."

Vahwere aliinua sindano yake. Akaanza kuhesabu nayo hewani.

"Sikilizeni mimi. Breki ni mupya. Ya nne na ya tano ni za carton. Kilomita ni ya kweli. Hii gari iko na ugonjwa mumoja tu: polepole. Disque ya embrayage ikibadilishwa na radiateur ikisafishwa, itapanda Mahagi vizuri kuliko gari yoyote ya myaka yake hapa mujini, juu magari mengine yote yamekimbia na hii haiyaanza. Papa, kazi ya fundi ni juu yako. Mathieu analipa gari kisha ya kupanda mulima, si mbele. Shida ni disque. Ya gari hii utapata wapi mbele samedi ifike?"

Rachidi alitikisa kichwa. "Kampala. Na ni juma nzima."

Mama Dorcas alikuwa ameshageuka. Aliingia nyumbani, akakawia kidogo, akatoka amebeba kifurushi cha mviringo kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha shela, kile cheupe cha vitundu. Alikifungua juu ya boneti. Ndani, disque ya embrayage, mpya, grisi yake juu yake bado.

"Ile tulikuwa tunabadilisha kila wakati," alisema. "Hatukuwa tunakosa moja ndani ya nyumba; hii ilibakia, juu pesa ya fundi iliisha kwa rangi. Bibi-arusi hawezi kubakia njiani."

* * *

Alhamisi mchana waliurudia mlima, Rachidi kwenye usukani, Muzee Zacharie nyuma kwa ombi lake mwenyewe, akiwa amekaa mahali ambapo kwa miaka yote alikuwa amewaona wengine kwenye kioo tu. Gari lilipanda bila kupaza sauti. Lilimpita dereva yule wa trekta la mbao, na Mathieu akampungia mkono kwa ukarimu. Juu, barabara iliponyooka, Rachidi alitia gia ya nne, kisha, kwa kusukuma kidogo, ya tano. Upepo ukaingia.

"Inakimbia!" Muzee Zacharie alipiga kelele, kofia imebanwa kifuani. "Malaika inakimbia!"

Mathieu alilipa jioni ile. Kabla ya kuondoka alichomoa fusible ya honi mwenyewe, akaitia mfuko wa shati. "Itanyamaza mpaka mulangoni kwa bokilo," alisema.

Jumamosi Vahwere hakujaribu kujidanganya kwamba anafanya kazi. Aliweka simu katikati ya meza, akaitazama kama mtuhumiwa. Ilikuwa haijafika saa sita ilipolia.

Sauti ya kwanza haikuwa ya Mathieu. Ilikuwa *pa-pa-piii, pa-pa-piii, paa!*, na nyuma yake vigelegele vya wanawake ambao hawakuwahi kuiona Malaika maishani mwao, lakini hawakuhitaji kufundishwa.

"Mama Inspecteur!" Mathieu alipiga kelele. "Nimefika! Mbele ya wakati! Hata maji haikuchemka! Shangazi bamefuta lile jina!"

"Asante Mungu. Na bokilo? Amesema nini?"

"Ameipenda! Amezunguka gari mara nyingi, kisha akainamisha kiti. Ameisha ingia nyuma, mama, yeye na mukewe, mama yake Annette. Wanasema mahari itangoja kidogo."

Vahwere alisimama. "Itangoja nini?"

"Wanataka niwazungushe Mahagi yote. Sokoni, kanisani, kwa wajomba, batu bote bamuone." Akashusha sauti, kwa fahari. "Anasema niende polepole."

"Mathieu. Polepole namna gani?"

Kwenye simu, sauti nzito ya mzee ilisikika ikitoa amri kutoka kiti cha nyuma, kisha gia ya kwanza ikaingia.

"Polepole kabisa, mama," Mathieu alisema. "Anasema kuku watupite."